Mpagazi Hakuwa na Sare

Mwishoni mwa Oktoba, kijana mmoja niliyemfundisha historia ya Afrika Mashariki miaka sita iliyopita alinipigia simu akiomba nimsaidie katika kazi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa "ndogo tu, Mwalimu, ya dakika kumi". Baada ya kuhitimu hakwenda kufundisha kama wazazi wake walivyotaka, anachora. Huchora vitabu vya watoto, mabango ya chanjo na nembo za vikoba, na akipata bahati huwachorea wateja wa nje wanaolipa kwa fedha za kigeni. Safari hii mteja alikuwa kikundi cha watu huko Uingereza ambao, mwisho wa juma, hujivika sare za askari wa zamani na kuyaigiza upya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa bunduki zisizo na risasi na kwa uangalifu mkubwa wa kila kifungo na kila mkanda. Wamechagua uwanja ambao hata wenzao wengi hawaujui, yaani vita vya Afrika Mashariki, nao walitaka kadi ya Krismasi ya kutumiana wao kwa wao na kuwapelekea marafiki zao.

Rasimu ilinifikia kwenye simu jioni ile. Askari wawili walisimama chini ya mbuyu, Kilimanjaro ukionekana kwa mbali. Mmoja alikuwa wa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Kea, na mwingine wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani. Walikuwa wanapeana mikono. Kati yao palikuwa na sanduku la risasi lililogeuzwa meza, na juu yake chupa moja na vikombe viwili vya bati. Chini ya picha kijana aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Kofia ziko sawa?"

Hazikuwa sawa. Wote wawili alikuwa amewavika tarbushi nyekundu yenye kishada, kama walivyo katika picha nyingi za kupakwa rangi zinazozagaa mtandaoni. Tarbushi nyekundu ilikuwepo, lakini mahali pake palikuwa gwarideni na kambini zaidi kuliko porini. Vitani askari wa Mjerumani alivaa kofia ya umbo hilohilo iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mbele ikiwa na tai wa kifalme wa madini, na nyuma ikiwa na kipande cha kitambaa kilichoning'inia kukinga kisogo dhidi ya jua. Mwenzake wa Kea naye alikuwa na kofia ya kaki ya kivita, fupi zaidi, yenye kitambaa cha kisogoni vilevile. Nilimweleza pia kuhusu miguu. Katika rasimu wote walivaa buti. Askari wa Mjerumani, angalau katika miaka ya mwanzo, alikuwa nazo kweli, pamoja na vitambaa vilivyoviringishwa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Askari wa Kea aliviringisha vitambaa hivyo pia, lakini chini yake alikuwa peku, au na makubadhi.

"Mteja atadhani nimesahau viatu," alinijibu.

Nikamwambia mteja wa namna hii hatadhani hivyo. Watu hawa wanajua. Pengine wanajua kuliko mimi.

Ningependa msomaji asiharakishe kuwacheka. Mimi nilikuwa nawacheka, hasa nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni na nikawaona kwa mara ya kwanza, wanaume wa makamo waliojipaka matope kwa hiari yao. Lakini anayefuatilia sare kwa bidii hufikishwa mahali ambapo vitabu vya kiada havimfikishi. Chukua hiyo kofia. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, alipotumwa kuja kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na wenzake wa pwani, hakuja na kikosi cha Wajerumani. Aliajiri mjini Cairo mamia ya Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, akaongeza wengine kutoka Msumbiji. Wasudani hao walikuja na tarbushi zao na majina ya vyeo vyao yenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, na juu kabisa efendi, cheo kikubwa kuliko vyote ambavyo Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi lile. Kwa upande wa pili, Kea ilipoundwa mwaka 1902 ilirithi kutoka Uganda Wasudani wengine, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, waliokuwa wametoka katika jeshi lilelile la Misri. Kwa hiyo kofia mbili zinazotazamana katika kadi ile ni ndugu wa baba mmoja. Zilishonwa kwa amri ya wafalme wawili wa Ulaya waliokuwa wajukuu wa bibi mmoja wa Uingereza, lakini ukoo wa kofia zenyewe unarudi kwenye mto Naili.

Kisha kuna suala la mwaka. Nilimuuliza kijana: Krismasi hii ni ya mwaka gani? Hakuwa ameulizwa na mteja, na mchoraji asipoulizwa mwaka huchora vita kana kwamba ilidumu siku moja. Vita hii ilidumu kuanzia Agosti 1914 hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku ambayo Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, karibu wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika miaka hiyo sare ilibadilika kama ngozi ya kinyonga. Baada ya Waingereza kuifunga bahari, Wajerumani waliishiwa nguo. Meli mbili tu za kutoka Ujerumani ziliwahi kupenya, moja mwaka 1915 katika ghuba ya Manza karibu na Tanga na nyingine mwaka 1916 katika ghuba ya Sudi kule kusini. Kati ya hapo na baada ya hapo, pamba ya hapahapa ilisokotwa na kufumwa kwa mkono, na vitambaa vikatiwa rangi kwa mizizi ya mti unaotajwa kwa jina la ndaa, uliotoa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliisifu katika kumbukumbu zake kwamba ilimficha askari vizuri katika majani makavu. Anayetaka kuchora kaki ya kweli ya mwaka 1916, basi, hana budi kusahau rangi ya bendera na mabango na kufikiria nguo iliyochovywa katika chungu cha mizizi.

Na kama ni Krismasi ya 1917, mambo yanachekesha zaidi. Tarehe 25 Novemba mwaka huo jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma, likaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano na kuiteka pamoja na bunduki, mavazi, dawa na chakula chake. Mwezi mmoja baadaye, siku ambayo kadi inaitaja, askari wengi wa "Mjerumani" walikuwa ndani ya Msumbiji wakiwa na bunduki za Kireno mabegani na nguo za Kireno mwilini. Wengi wao walikuwa Waislamu, na siku hiyo haikuwa sikukuu yao. Nilimwandikia kijana haya yote. Alinijibu kwa picha ya kikatuni ya mtu anayelia.

Jambo moja katika hizi habari za sare sikuweza kulimaliza kwa utani. Mwaka 1914 Kea ilikuwa na vikosi vitatu tu. Hadi vita inakwisha vilikuwa 22. Askari wote hao walitoka wapi? Wengine waliandikishwa Nyasa, Uganda na Kenya, lakini kikosi cha 6 cha Kea, kilichoundwa mwaka 1917, kilijazwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa askari wa Wajerumani, wakatekwa au wakaacha jeshi. Mtu aliyepigana Tanga mwaka 1914 akiwa na tai kwenye kofia aliweza kumaliza vita akimwinda mkubwa wake wa zamani. Usaliti ni neno la wenye taifa, na mtu huyu hakuwa na taifa katika ugomvi ule. Alikuwa na mshahara, mke aliyefuatana na jeshi, watoto, na heshima aliyoijenga kwa kazi ile. Mwajiri aliposhindwa kulipa, alitafuta mwingine. Michelle Moyd ameliandika hili kwa kina katika kitabu chake kuhusu askari wa Kijerumani, nami huwalazimisha wanafunzi wangu wakisome ijapokuwa hunung'unika. Nikimtazama askari wa kushoto na askari wa kulia katika kadi ile, siwezi kuacha kufikiri kwamba huenda ni mtu mmoja.

Kuhusu kupeana mikono sikuwa na mengi ya kusema. Mteja aliazima tukio la Krismasi ya 1914 kule Flanders, ambako Waingereza na Wajerumani walitoka katika mahandaki yao wakaimba pamoja. Huku kwetu hakuna Krismasi ya namna hiyo. Lililo karibu nalo ni la Januari 1915, baada ya mapigano ya Jasini kwenye mpaka wa pwani, ambapo Lettow-Vorbeck aliwarudishia maofisa wawili wa Uingereza panga zao na kuwaachia huru kwa ahadi kwamba hawatapigana naye tena. Uungwana ule ulikuwa wa maofisa kwa maofisa. Tusisahau pia kwamba kwa mtu wa Songea sare ile ya kaki haikuwa na chembe ya sikukuu. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu walioivaa wasimamie kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906, wakati wa vita vya Maji Maji.

Tukabaki na sanduku.

Lilikuwa limechorwa kwa ustadi: mbao, vishikio vya kamba, misumari. Nilimuuliza kijana swali ambalo nadhani ningemuuliza darasani: "Hili sanduku lilifikaje chini ya mbuyu?" Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka, maana ni yeye aliyewahi kuandika kwangu insha nzuri kuhusu jina la Kariakoo. Sanduku la risasi halitembei. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, barabara hazikuwepo au zilikuwa matope, magari yalikwama. Kila risasi iliyopigwa kati ya Taveta na Ruvuma ilifika huko kwa kichwa cha mtu. Hata mizinga 10 mikubwa ya meli ya Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, iliburutwa kwa kamba na mamia ya watu hadi bara.

Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja kuwa wapagazi katika vita hii, na mwaka 1917, kazi ilipopamba moto, uandikishaji ulikuwa msako wa kijiji kwa kijiji. Zaidi ya 90,000 walikufa kwa hesabu za serikali yenyewe, wachache kwa risasi, wengi kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi usioiva, apike usiku katika mvua, na asubuhi abebe kilo 25 na zaidi. Wajerumani nao walikamata watu njiani na kuwatumia hadi wakaanguka. Hesabu yao hakuna aliyeiweka vizuri. Ugogo ulipoteza nafaka, ng'ombe na vijana kwa majeshi yote mawili, kisha mvua zikakosekana, na Wagogo wakaipa njaa iliyofuata jina la Mtunya. Ukilinganisha na haya, buti na makubadhi ni jambo dogo.

Kijana alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Namwongeza mpagazi," alisema. "Niambie tu amevaa nini."

Hapo ndipo nilipokwama. Swali la kofia nililijibu kwa dakika kumi, nikiwa nimeketi kitini pangu na kikombe cha chai mkononi. Najua tai wa kwenye tarbushi alitazama upande gani. Naweza kukueleza mkanda wa risasi ulivyopita begani. Swali la mpagazi lilinichukua siku tatu za kuchambua picha na maelezo, na jibu lililopatikana ni hili: shuka au kaptura kuukuu, mara nyingine gunia lililotobolewa shingo na mikono, blanketi moja, ambalo mchana lilikunjwa na usiku lilikuwa nyumba, kibati cha chuma chenye namba, kilichofungwa kwa uzi shingoni au mkononi ili maiti itambulike kwenye daftari, na kichwani ngata, ile pete ya majani au nguo iliyosokotwa ambayo kila mtu aliyekulia kijijini anaijua. Ndiyo yote. Katika nyanda za juu za kusini, kwenye mvua za masika ya 1917, ndiyo yote.

Sababu ya kukwama kwangu ni rahisi, na haina uhusiano na uvivu wangu, ijapokuwa huo nao upo. Sare huacha nyaraka. Kuna zabuni ya kitambaa, kanuni ya jeshi, kielelezo cha fundi cherehani, picha ya kikosi kizima mbele ya boma. Mkusanyaji hukusanya vifungo, makumbusho hununua kofia, mwanahistoria hufuata. Mtu asiyevishwa na serikali hana karatasi ya aina hiyo, na historia inayoanza na mavazi humwacha nje bila ya yeyote kukusudia ubaya. Katika kikundi cha mteja wetu, kama nilivyokuja kuambiwa, kuna maofisa, kuna askari wa pande zote mbili, kuna hata daktari na mpiga tarumbeta. Mpagazi hakuna. Vazi lake lingemgharimu mtu pauni chache tu.

Wala tusiwanyooshee wao kidole peke yao. Nenda katikati ya jiji la Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba. Kabla ya vita palikuwa na sanamu ya Wissmann, na chini yake askari wa shaba akimtazama bwana wake juu. Waingereza waliiondoa mwaka 1916. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha kwa kamba mwaka 1968. Mahali pale Dar es Salaam mwaka 1927 pakawekwa askari mwingine wa shaba, huyu tunayepita pembeni yake kila siku, peke yake, bunduki mkononi, akielekea bandarini. Mbunifu huyohuyo, James Alexander Stevenson, alitengeneza na ya Nairobi, na kule walisimama watatu, mmoja wao akiwa mpagazi. Sisi, wenye Kariakoo, mahali palipopewa jina na kambi ya wapagazi wenyewe, tukaachiwa askari tu. Kwa karibu miaka mia moja hatujaona upungufu huo. Tumewahi kubishana kuhusu mitaa, vituo vya mabasi na vibao vya barabara. Sijawahi kusikia kikao cha jiji kikimjadili mpagazi.

Fedha zilifuata njia hiyohiyo. Baada ya vita palikuwa na mishahara mingi ya wapagazi isiyochukuliwa, kwa kuwa wenyewe walikufa au ndugu zao hawakujulikana. Maofisa waliokuwa huku waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii zilizotoa watu hao. London ilikataa.

Kwa upande wa Wajerumani kuna kisa kinachorudiwa sana vitabuni: kwamba katika miaka ya 1960 serikali ya Bonn ilimtuma mtu wa benki hadi Mwanza kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, kwamba wachache tu walikuwa na hati, wengine wakaonyesha vipande vya sare za zamani, na kwamba yule mtu wa benki aliwapa fagio mmoja mmoja, akawaamuru gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Wazungu hukipenda kisa hiki. Nimekisikia kikisimuliwa katika mikutano, na ukumbi hucheka kwa upole. Sina haja ya kubishana nacho. Nauliza tu mpagazi angeonyesha nini. Hakuwa na kipande cha sare, na hakuna amri ya kijeshi iliyowahi kutungwa kwa ajili ya mtu mwenye sanduku kichwani.

Na aliyekuwa na sare, ilimfaa nini? Mahjub bin Adam, ambaye Ujerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita ilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake, akajeruhiwa Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin akidai mshahara wake na wa baba yake. Akakataliwa. Alibaki huko akiwa mhudumu wa mgahawa, akifundisha Kiswahili chuo kikuu kwa malipo kidogo, na akiigiza katika filamu. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa mstari wa mbele. Akanyimwa, akajipatia yake mwenyewe na kuivaa pamoja na sare ya askari kwenye maandamano ya wale waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni. Walimpenda akiwa ndani ya sare. Alipoonekana kuwa mwanamume mwenye uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, alikamatwa mwaka 1941, na tarehe 24 Novemba 1944 alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Nimemweleza kijana habari hizi, si kwa sababu zinahusu kadi, bali kwa sababu yeye na mimi hatukuwa tumewahi kuzizungumza darasani, nami nikaona aibu.

Hata hivyo sitaki kuliacha suala la kuigiza wanajeshi kana kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Babu zetu walikuwa na beni. Kuanzia pwani, kabla ya vita, hadi Tabora, Nyasa na Kongo baada ya vita, vijana walijipanga katika Marini na Arinoti, wakajipa vyeo vya jeshi, wakashona sare, wakatembea kwa mwendo wa gwaride nyuma ya tarumbeta na ngoma kubwa. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1975. Waliigiza jeshi lilelile lililowabebesha masanduku, na katika ngoma mtu aliyekuwa mpagazi aliweza kuwa jenerali hadi jua lichwe. Wakoloni waliitazama beni kwa wasiwasi, nadhani kwa sababu hawakuwa na hakika kama wanasifiwa au wanadhihakiwa. Mimi pia sina hakika, na naipenda kwa sababu hiyo.

Kijana alituma rasimu ya pili katikati ya Novemba. Kofia zilikuwa sawa, askari wa Kea alikuwa peku, na kaki ya mwenzake ilikuwa imechovywa katika rangi ya mizizi. Kulia, akiwa ameketi juu ya ncha ya sanduku, alikuwepo mtu wa tatu, mwembamba, blanketi begani, kibati shingoni, akiangalia pembeni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mkononi mwake.

Majibu ya mteja yalikuja baada ya siku mbili, ya adabu na ya shukrani. Walifurahi mno kuhusu kofia na miguu. Mmoja wao alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba tarbushi nyekundu si sahihi. Walitaka kujua zaidi kuhusu ndaa. Lakini waliomba mpagazi aondolewe. Katika kikundi chao hakuna anayeigiza nafasi hiyo, na walihofu kwamba kwa kadi ya sikukuu picha ingekuwa nzito.

Akanipigia simu usiku. Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na malipo ya kadi yangelipa miwili. Alitaka kujua mimi ningefanya nini. Nilikuwa na hotuba nzima tayari mdomoni, kuhusu kumbukumbu na nani anayelipia picha, lakini nilijitazama nilipokaa, katika nyumba inayolipiwa kwa mshahara unaoingia kila mwezi, nikaimeza. Nilimwambia amwondoe.

Kadi iliyochapishwa alinitumia picha yake wiki ya kwanza ya Desemba. Askari wawili, mbuyu, mlima, chupa, vikombe viwili. Mtu wa tatu hayupo. Juu ya sanduku, kando ya vikombe, kijana ameacha ngata. Nilimuuliza kama mteja aliiona. Akasema waliiona, wakauliza ni kitu gani, naye akawaeleza. Wakasema ibaki. Mmoja wao sasa anataka kujitengenezea ya kwake na ameuliza husokotwa kwa kitu gani. Nimemwambia kijana amjibu kwamba majani makavu ya mgomba yanafaa, na akikosa mgomba huko aliko, nguo kuukuu.